Mwalimu wa Kiti cha Dirishani

Kwa karibu miaka mitano nilikaa jirani na mwanamke niliyemdharau kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilimpenda kimyakimya tangu siku ya kwanza. Sikumpenda. Alinikera kwa sauti yake, kwa leso yake ya zambarau, kwa alivyofumba macho akiomba huku anatabasamu, kana kwamba kuna mtu anamchekesha ambaye sisi wengine hatumwoni.

Tulikutana katika chumba cha mashine za kusafisha damu, hospitali moja upande wa Changamwe. Figo zangu zilikufa nikiwa na miaka thelathini na minane, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu aliyezoea kuwaambia wengine wangoje. Zake zilikuwa zimekufa kabla ya zangu. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi tuliketishwa kwenye viti virefu, tukadungwa sindano mbili mkononi, damu ikatoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, saa nne nzima. Kiti cha kwanza, cha dirishani, kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha Riziki, msusi wa Mikindani, binti wa miaka ishirini na sita. Cha tatu changu. Cha nne cha Mzee Bakari, Mdigo wa Bofu, aliyekuwa akivuka feri kutoka Likoni mapema ili asikose zamu yake.

Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hata akastaafu, na Jumapili alifundisha watoto kanisani kwake Chaani. Ualimu haukumtoka. Nesi wetu, binti mpole kutoka bara, alikuwa akimwambia, "Mwalimu, mkono wako uko na damu," na Mwalimu, sindano bado haijaingia vizuri, alimjibu, "Una damu, mwanangu. Hauko na damu. Haya, endelea."

Mimi alinianza wiki yangu ya kwanza. Niliingia nikaketi bila kumsemesha mtu.

"Karani," akaniita, maana alikuwa ameshauliza kazi yangu kwa nesi, "shikamoo yako umeiacha bandarini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Leo tumepewa Alhamisi."

Hilo lilikuwa neno lake. Tumepewa Jumatatu. Tumepewa Alhamisi. Alilisema akivua viatu, kwa sauti ya mtu aliyeletewa sahani ya pilau. Mimi nilikuwa natazama ile mipira miwili ikijaa damu yangu, nikawaza kwamba mtu mwenye akili timamu Alhamisi kama hii angeirudisha.

Kabla mashine hazijawashwa aliomba. Aliombea mashine, akaombea maji na umeme, akaombea mkono wa nesi, akaombea figo zetu ambazo, kwa maneno yake, zilikuwa zimelala. Zangu nilikuwa nimeonyeshwa picha yake na daktari, zimenywea kama maembe makavu, na hakuna mtu aliyetumia neno kulala. Kisha aliimba, ubeti mmoja au miwili, na sauti ilikuwa mbaya. Nililelewa kanisani huko Rabai, nimeimba kwaya mpaka nikaota ndevu, nikamzika mama yangu kwa nyimbo zilezile. Lugha ile naijua yote. Kwa hiyo sikumdharau kama mgeni anavyodharau asichokijua. Nilimdharau kama mtu aliyewahi kula chakula kile kikamdhuru.

Na sababu alinipa nyingi. Sisi wagonjwa wa figo maji hupimiwa, nusu lita kwa siku, hata ya kumezea dawa yakiwemo. Ukinywa zaidi hayana pa kwenda, yanakaa mwilini, na mzani unakusema kabla hujaketi. Mwalimu, aliyetusomea aya za kiasi na saburi, alikuja mara kwa mara akiwa ameongeza kilo tatu.

"Ni viatu hivi," alimwambia nesi.

"Vua basi, Mwalimu."

Alivua. Mzani haukusogea.

"Basi ni leso."

Mzee Bakari alicheka mpaka akakohoa. "Wallahi, Mwalimu, leso hiyo imekunywa madafu mawili."

Na kweli lilikuwa dafu. Dafu kwetu ni hatari, madini yake yanaweza kuusimamisha moyo, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alikiri baadaye, bila haya kubwa, kwamba muuzaji alikuwa amesimama mlangoni kwake na jua lilikuwa kali. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ndiye anayetufundisha kushinda majaribu.

Kiti nacho. Siku moja mgonjwa mpya, polisi mstaafu, aliketishwa dirishani kwa sababu Mwalimu alikuwa amechelewa. Mwalimu akafika. Alisimama mbele ya yule mzee na mkoba wake kifuani, akangoja, mpaka mzee wa watu akainuka mwenyewe. Kisha akaketi, akachungulia malori yaliyopanga foleni kuelekea bandarini, akashusha pumzi, na katika maombi ya siku ile akamtaja polisi kwa jina, apewe amani. Nilicheka kwa sauti. Alinisikia, akaendelea.

Lakini kilichonipa raha zaidi ni habari ya mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye familia, akiishi Magogoni. Mwalimu alipenda kusimulia kwamba kijana alitaka kumpa figo na yeye akakataa. "Nikamwambia, wewe una watoto wa kulea. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha." Aliisimulia kwa kila mgonjwa mpya, nasi wa zamani tukawa tunaijua kwa moyo.

Mzee Bakari ndiye aliyeniambia ukweli. Mwana wa Mzee Bakari, Swalehe, alikuwa na tuktuk upande wa Changamwe, na ndiye aliyekuwa akimpeleka Mwalimu nyumbani akitoka kwenye mashine. Swalehe alikuwa amempeleka Magogoni wakati ule. Kijana alikuwa amekubali, amepimwa, damu zimeafikiana, siku ya upasuaji imepangwa, na wiki yenyewe akazima simu. Mwalimu alisimama mbele ya geti, mkewe akatoka kusema kwamba mume amesafiri, na viatu vya mume vilikuwa pale barazani. Mwalimu akamwambia Swalehe, "Turudi." Tangu hapo kijana hajakanyaga Chaani.

Nililipokea jambo hilo kama zawadi. Mlokole mwongo, nikasema. Sikujiuliza uwongo ule ulikuwa ukimsitiri nani.

Sasa nifike kwa Riziki.

Riziki alikuwa mcheshi, vidole vyake havitulii. Mkono wake mmoja ukiwa umefungwa kwenye mashine, kwa ule mwingine alimsokota Mwalimu vijinywele vya pembeni mwa kichwa. Mwalimu alimwita mjukuu. Walikuwa wakinong'ona na kucheka juu ya watu, nadhani mimi nikiwa mmoja wao. Riziki alitamani kuolewa na alikuwa na mchumba aliyeanza kupotea.

Mwaka wangu wa tatu alikuja mhubiri wa hema, akapiga kambi ya siku saba katika uwanja mmoja. Jina lake silitaji, halistahili wino. Jumatatu iliyofuata Riziki aliingia hajavaa gauni la hospitali. Alikuwa amejipaka rangi ya midomo. Alisimama katikati ya chumba akasema kwamba ameombewa, amesikia joto likishuka kiunoni, na mhubiri amemwambia kwamba akirudi kwenye mashine atakuwa amemwambia Mungu ni mwongo. Alikuja kutuaga.

Nesi aliweka chini trei yake. Akasema, "Riziki, keti kwanza tukupime."

Na Mwalimu, kiti cha dirishani, sindano zake zote mbili zikiwa mkononi, aliinua ule mkono mwingine akaimba. Macho yamefumba, machozi yanashuka, sauti mbovu ileile. Riziki alimwinamia wakakumbatiana. Sijui kama angeketi asingeimbiwa. Najua kwamba baada ya wimbo ule hakuketi.

Mimi nilifanya nini? Nilikuwa nimesoma kila karatasi ya ugonjwa wangu. Nilijua siku ngapi mtu anaweza kukaa bila mashine. Riziki alipita mbele ya kiti changu akanipa mkono, nikaupokea, nikatabasamu kwa pembe ya mdomo. Niliona nikisema nitakuwa nimejishusha kubishana na wajinga. Hilo ndilo neno nililolitumia moyoni. Wajinga.

Alhamisi Riziki hakuja. Kiti cha pili kilikuwa kitupu na Mwalimu aliomba kwa kifupi. Jumatatu hakuja. Siku hiyo Mwalimu hakuimba, na mashine ilipomwachia akamwambia Swalehe asimpeleke Chaani, ampeleke Mikindani. Haya nayo nilisimuliwa na Mzee Bakari, kama alivyosimuliwa na mwanawe.

Riziki alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umevimba. Mwalimu alipiga magoti kando yake.

"Mjukuu wangu, nilikosea. Niliimba kwa sababu nilitamani iwe kweli. Inuka twende."

Riziki akamwambia, "Mwalimu, ni jaribu tu. Mhubiri alisema litakuja jaribu."

Mama yake Riziki alikuwa mlangoni. "Wewe ndiye uliyemwimbia," akasema. "Mwenyewe alikuja hapa na furaha akasema hata Mwalimu ameshuhudia. Leo umegeuka?"

Walimtoa nje. Alirudi Jumanne, akaketi kwenye kizingiti mpaka jua likazama. Alirudi Jumatano. Alhamisi alitoka kwenye mashine akaenda tena, na siku hiyo Riziki alikuwa hawezi tena kuvuta pumzi amelala, ikabidi aegemezwe ukutani, na mama yake ndiye aliyesema, "Mbebeni." Swalehe na jirani mmoja walimbeba hadi kwenye tuktuk. Mwalimu alimshika kichwa njia nzima. Aliwekwa kwenye mashine jioni ile, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa maji. Ijumaa alasiri akafa.

Jumatatu baada ya mazishi tuliketi kama kawaida. Nesi alitufunga mmoja mmoja. Tulingoja maombi, kwa mazoea tu. Mwalimu hakufumba macho.

"Nina neno," akasema. "Nilimwimbia Riziki nikamsaidia kuondoka hapa. Mungu nimeshamwomba radhi. Ninyi mlikuwepo mkaona, kwa hiyo nawaomba na ninyi."

Mzee Bakari akasema, "Allah amrehemu. Na wewe akusamehe, Mwalimu."

Hapo mimi nilikuwa nimepata nafasi niliyoingoja miaka mitatu. Nilisema, na nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa tulivu, "Na huyo Mungu wako amekujibu nini?"

Alinigeukia. Uso wake siku ile ulikuwa umezeeka sana.

"Hajajibu," akasema. "Nami sijaondoka."

Kisha akaomba. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Nilitaka aache. Nilitaka niione leso ile ya zambarau imekunjwa na kuwekwa kabatini, aketi kimya kama sisi wengine, nishinde. Badala yake aliendelea, wiki baada ya wiki, na maombi yakawa yamebadilika. Hakusema tena kwamba figo zimelala. Alisema, "Bwana, tumekuja. Utuone." Basi. Kuna siku alishindwa kufika hata kwenye amina, akalia, nesi akamfuta pua. Na Alhamisi iliyofuata alisema tena, akivua viatu, kwamba tumepewa Alhamisi. Mimi sikujua mtu anaitoa wapi sauti ya kusema neno hilo mara ya pili.

Mhubiri wa hema tulisikia amehamia mji mwingine. Mwalimu aliuliza mji gani, akaandika barua kwa wachungaji wa huko, kwa mkono wake, kurasa nne, akitaja jina la Riziki na siku alizokaa bila mashine. Alinipa nimsomee nione kama kuna kosa. Hakukuwa na kosa hata moja la lugha. Kama kulikuwa na jibu, sikulisikia.

Mwaka wangu wa tano mdogo wangu wa kike aliniletea figo yake kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani, bila maneno mengi. "Ninazo mbili," alisema. Tulipasuliwa, ikashika. Katika chumba chetu kulikuwa na desturi. Anayepata figo hurudi kuaga, huleta keki au halwa, watu wakampa mkono. Sikurudi. Nilijiambia daktari amenikataza mikusanyiko, na hilo lilikuwa kweli kwa miezi michache. Baada ya hapo haikuwa kweli tena. Sikutaka kuketi mbele ya Mwalimu nikiwa mzima, nikamwona akinishukuria Mungu wake, wakati mwanawe aliyeafikiana naye damu yuko Magogoni anakula chakula cha mchana.

Ilipita miaka miwili na kitu. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali ile kwa kliniki yangu, daktari akachelewa, na miguu ikanipeleka chumba cha mashine. Nilisimama mlangoni. Watu wote niliowaona walikuwa wapya. Kwenye kiti cha dirishani alikuwa mwanamume nisiyemjua. Nikakohoa, nikataka kugeuka.

"Huyo aliyesimama bila kusalimia," ikasema sauti ya kiti cha karibu na mlango, "ni karani."

Alikuwa amebaki nusu yake. Macho yalikuwa na ukungu, akitazama pembeni kidogo ya mahali niliposimama. Mguu wa kushoto uliishia gotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mzee Bakari alitutoka, ulisikia? Kabla ya Ramadhani. Swalehe bado ananileta. Dirisha nimempa yule mgeni, mimi siyaoni tena malori. Keti."

Niliketi. Nilianza kutafuta maneno ya kujieleza, kwamba nilikuwa na kazi, kwamba niliambiwa nisikae na watu. Alinikata.

"Hebu niambie jambo moja. Unakojoa?"

Mtu mwenye figo nzima hawezi kulielewa swali hilo. Figo zikifa, mkojo huisha. Kwanza unapungua, kisha siku moja unasimama chooni na hakuna kinachotoka, na hakitoki tena. Mimi nilikaa zaidi ya miaka minne hivyo. Yeye ulikuwa mwaka wake wa tisa.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema chini chini.

"Mara ngapi?"

"Sita. Saba, nikinywa chai."

"Rangi yake?"

"Kama chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyozidi maji."

"Na unasikia unabanwa? Ile ya kubanwa hasa, mpaka utembee haraka?"

"Nabanwa."

Alifumba macho. Alitabasamu vilevile alivyokuwa akitabasamu zamani, ile tabasamu iliyonikera, akakaa nayo muda.

"Huoni uchungu, Mwalimu?" nikamuuliza. "Mimi kupata na wewe kukosa. Nataka uniambie kweli."

"Naona wivu, karani. Mkubwa. Uliposema saba nimeusikia hapa." Akajigusa koo. "Na nimefurahi. Hata mimi nashangaa, lakini vyote viwili vimo." Kisha akainua sauti, sauti ya darasani, chumba kizima kikageuka. "Wenzangu. Huyu alikuwa hapa, kiti cha tatu, miaka mitano. Sasa anakojoa mara saba kwa siku."

Kijana mmoja wa kutoka bara akapiga makofi kwa kuugonga mkono wake mzima pajani, kwa sababu ule mwingine ulikuwa umefungwa. Mama mmoja wa buibui akasema, "Alhamdulillahi." Nesi alitazama ukutani, mabega yanamcheza kwa kicheko. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya, nami niliwatazama wote mmoja mmoja nikiutafuta.

Nilimuuliza Mwalimu amebakisha saa ngapi. Akasema mbili na nusu. Nikampigia karani wa kliniki kwamba nitakuja mwisho wa foleni. Tulizungumza habari za Bofu na Rabai, na bei ya samaki. Mwanawe hakumtaja, nami sikumwuliza. Baada ya saa moja nikabanwa. Niliona haya. Nilibana miguu, nikageuka upande huu na upande ule.

"Nenda," akasema Mwalimu, ambaye haoni. "Usiuzuie."

Nilikwenda, chumba kizima kikinisindikiza kwa macho. Niliporudi nikifuta mikono, yule kijana wa bara akauliza, "Vipi?"

Nikawaambia yote, wala sikupunguza.